SOMO: Karatasi ya siklingi ikiandikwa "chanya", soma hapa kabla hujalia

Ndugu zangu, kuna jambo linaniumiza sana pale maabara. Mzazi anapokea karatasi ya siklingi, kipimo cha kutazama kama chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu, anakuta "siklingi: chanya", anatoka akilia kwamba mwanawe ana siko seli, yaani selimundu. Kumbe mara nyingi mtoto yule haumwi. Tufuatane taratibu.

Hatua ya 1: FBP, picha nzima ya damu. Damu ya mshipani huwekwa kwenye kichupa chenye mfuniko wa zambarau, ndani mna dawa ya kuizuia isigande. Angalia Hb kwanza, yaani hemoglobini, kitu chekundu kwenye damu kinachobeba oksijeni. Mwanaume akiwa chini ya 13, mwanamke chini ya 12, mjamzito chini ya 11, huo ni upungufu wa damu.

Hatua ya 2: MCV, yaani ukubwa wa chembe nyekundu. Kwa mtu mzima ni 80 hadi 100. Zikiwa ndogo, tunashuku kwanza ukosefu wa madini ya chuma. Zikiwa kubwa, ukosefu wa asidi ya foliki au vitamini B12. Mwenye selimundu MCV yake mara nyingi iko sawa tu, kwa hiyo namba hii isikupe faraja.

Hatua ya 3: Siklingi. Tone la damu tunalichanganya na dawa inayonyonya oksijeni, tunafunika kioo, tunaziba kingo hewa isipite, tunasubiri. Ukichungulia kwenye hadubini, chembe zilizokuwa duara kama sahani zimejikunja, zimechongoka ncha mbili, mundu mtupu. Sasa sikilizeni: hujikunja hivyo kwa mgonjwa (SS), na hujikunja vilevile kwa aliyerithi kinasaba kimoja tu (AS), ambaye kwa kawaida anaishi bila shida yoyote. Kipimo hiki kinajua tu kwamba hemoglobini S, ile inayozikunja chembe, imo. Hakijui zaidi ya hapo.

Hatua ya 4: Ombeni elektroforesisi. Hemoglobini hupitishiwa umeme; A, ile ya kawaida, na S hazitembei mwendo mmoja, kila moja inaacha mstari wake. Ikionekana mistari ya A na S, huyo ni AS. S ikiwepo bila A, mara nyingi ni SS, na hapo ndipo kliniki inapoanza.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mtaalamu, mwanangu ana miezi 3, siklingi imetoka hasi. Tumesalimika?*
Bado, mama. Mtoto mchanga bado ana hemoglobini F aliyotoka nayo tumboni, nayo huificha S. Omba elektroforesisi. Vidole vikivimba au macho yakiwa ya manjano, usingoje, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

*Mdogo wangu aliongezewa damu wiki 2 zilizopita, majibu yakaja AS. Aache kliniki?*
Asiache hata kidogo! Hiyo A inaweza kuwa ya aliyemchangia. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, basi arudie kupima baada ya miezi 3 au 4.

*Mimi na mchumba wangu sote ni AS. Tuachane?*
Uamuzi ni wenu, kaka. Kila mimba ina uwezekano wa robo kupata SS, nusu AS, robo AA (asiyerithi S kabisa), na hesabu huanza upya kila mara. Nendeni pamoja mkaongee na mshauri. Mkioana, mwambieni mkunga mapema, mtoto apimwe kwa tone la kisigino akiwa bado mchanga, kabla maumivu ya kwanza hayajamkuta.