Moyo ndio mgonjwa, shingo inapimwa ya nini?

Swali hili naulizwa karibu kila wiki chumba cha altrasaundi na wanaosubiri upasuaji wa kupandikizwa mishipa ya moyo, na wanaouliza wana haki. Mafuta yanayoziba mishipa ya moyo hayachagui mahali. Huganda pia kwenye karotidi, ateri mbili za shingoni zinazopeleka damu kwenye ubongo. Katika wagonjwa 100 wanaopandikizwa mishipa ya moyo, 1 au 2 hupata kiharusi, na mwenye karotidi iliyobana sana yuko hatarini zaidi.

Hatua ya 1: Sema yote. Hii naiweka juu ya mashine yoyote. Je, mkono uliwahi kuishiwa nguvu, ulimi ukawa mzito, au jicho moja likaingia giza kama pazia limeshushwa, kisha baada ya dakika chache ukawa mzima? Wengi hunyamaza kwa kuwa "ilipita". Kama ilitokea ndani ya miezi 6, shingo lazima ipimwe. Taja pia sigara, kisukari, presha na miguu inayouma ukitembea. Si kila mgonjwa anahitaji kipimo hiki. Maelezo yako, pamoja na umri, ndiyo yanayoamua.

Hatua ya 2: Stethoskopu. Daktari husikiliza shingoni kama kuna mvumo, sauti ya damu ikipita mahali palipobana. Kimya hakitoshi kukutoa wasiwasi, maana mshipa uliokaribia kuziba unaweza usivume kabisa.

Hatua ya 3: Altrasaundi ya dopla, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha kasi ya damu. Kula kama kawaida. Vua mkufu, vaa nguo isiyobana shingo. Mama wa hijabu, omba pazia lifungwe. Unalala chali, unageuza uso pembeni, unapakwa jeli ya baridi. Haina mionzi wala sindano, na nusu saa hutosha. Ile "shwaa, shwaa" unayoisikia ni damu yako. Ukibana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole, maji huruka kwa kasi. Na damu ni hivyo hivyo. Ikifika sentimita 230 kwa sekunde au zaidi, kwa kawaida mshipa umebana asilimia 70 na kuendelea.

Hatua ya 4: Kikao. Majibu yasomwe na daktari wa upasuaji, wa moyo na wa usingizi kwa pamoja. Usikubali kupewa karatasi tu mkononi.

Maswali ya wanachama

*Baba amekutwa na asilimia 60 upande mmoja, hajawahi kupata kiharusi. Shingo itafunguliwa kwanza?*
Pole kwa mawazo, dada. Kwa hali hiyo kwa kawaida hapana. Ataendelea na dawa, na wa usingizi atachunga presha isishuke sana. Angekuwa na dalili za kiharusi majuzi, mazungumzo yangekuwa mengine.

*Shingo ikiwa safi, kiharusi hakiji?*
Kinaweza kuja, kaka. Vipande vya mafuta huweza kung'oka kwenye aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, inaposhikwa na vibanio wakati wa upasuaji, na mapigo ya moyo huweza kuvurugika siku za baada ya upasuaji. Mkiwa wodini mkaona mdomo umepinda au maneno hayaeleweki, mwiteni muuguzi papo hapo, hata kama ni usiku wa manane.

*Niache aspirini nikisubiri tarehe?*
Usiiache kwa uamuzi wako, mzee wangu. Mpigie daktari wako leo umuulize.