Jinsi ya kuchagua nadharia ya uuguzi kwa kesi stadi yako na kuitumia kweli

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yuko mwaka wa tatu diploma ya unesi, kanipigia saa tano usiku analia. Kesi stadi yake, yaani ripoti ya mgonjwa mmoja aliyemhudumia ikiongozwa na nadharia fulani ya uuguzi, imerudishwa mara ya pili, mwalimu kaandika kwa peni nyekundu "nadharia iko wapi?". Nikamwambia nitumie picha za kurasa. Nadharia ipo bwana, kurasa mbili nzima, Florence Nightingale kazaliwa 1820, kaenda vita ya Krimea 1854, taa mkononi, kila kitu. Afu mgonjwa anaanza ukurasa wa tatu na Nightingale haonekani tena mpaka mwisho, kama mgeni aliyekuja harusini akapiga picha getini akaondoka zake.

Tulikaa kwenye simu mpaka saa nane. Naandika hapa tulichofanya maana najua hayuko peke yake.

Hatua ya 1: Mgonjwa kwanza, nadharia baadaye

Hili nimejifunza kwa kuumia. Nikiwa mwanafunzi nilichagua Martha Rogers kwa sababu ilisikika kisomi, ile ya 1970 inayomwona binadamu kama uwanja wa nishati usiogawanyika. Mgonjwa wangu alikuwa kijana wa bodaboda aliyevunjika paja, yuko kwenye trakshen (mguu umevutwa kwa uzito), anataka tu mtu amsogezee beseni. Nilihangaika wiki nzima kutafuta uwanja wa nishati kwenye lile paja. Nikapewa maksi za huruma.

Hatua ya 2: Jiulize mgonjwa wako amekwama wapi

Katoka theatre leo, hajiwezi kabisa? Mchukue Virginia Henderson na mahitaji yake 14, yanaanza na kupumua, kula na kutoa haja, yanafika mpaka kuabudu na kujifunza, unapita nayo moja moja kama unavyopita kitanda kwa kitanda kwenye kukabidhiana zamu. Uko wodi ya afya ya akili, nenda kwa Hildegard Peplau, wa 1952, kwake uhusiano wako na mgonjwa ndio kazi yenyewe. Mtu kakatwa mguu au kaondolewa titi, Callista Roy, maana anakulazimisha uangalie mwili, anavyojiona, nafasi yake nyumbani, na watu anaowategemea. Mjamzito anayekunywa dawa za kienyeji, Madeleine Leininger: lisilo na madhara liache liendelee, lingine mkubaliane, linaloumiza msaidie kulibadilisha. Magonjwa ya kudumu kama kisukari, presha, pumu, hapo mimi sina mjadala, ni Dorothea Orem.

Nightingale simchukii jamani. Hewa safi, maji safi, mwanga, usafi, mifereji, ukiwa na wodi ya watoto wanaoharisha anakutosha kabisa. Ila amegeuzwa chumvi, anatiwa kila mboga. Na Jean Watson, yule wa nadharia ya kujali, ni mzuri moyoni lakini kwa mwanafunzi ni mtego, kwenye safu ya tathmini utaandika nini, "nilimjali sana"?

Hatua ya 3: Historia, vipimo, uchunguzi wa mwili

Kama kawaida. Hii mnaijua.

Hatua ya 4: Kutafuta pengo (hapa ndipo usiku wote ulipoishia)

Mgonjwa wa mdogo wangu alikuwa bibi wa miaka 60 na kitu, ana kisukari, anajichoma insulini (dawa ya kushusha sukari) nyumbani, kaletwa anatoka jasho na haeleweki anachosema, sukari imeshuka. Kwa hiyo tukamtupa Nightingale tukamleta Orem.

Orem anasema hivi kwa lugha ya wodini: kila mtu ana mambo ya kujifanyia ili aishi vizuri, na ana uwezo fulani wa kuyafanya. Mahitaji yakizidi uwezo, hapo kuna pengo, na nesi anaingia kwenye hilo pengo. Mahitaji ni ya makundi matatu: ya watu wote (hewa, maji, chakula, haja, kazi na kupumzika, kuwa peke yako na kuwa na watu, kujikinga na hatari, kuishi kama watu wengine), ya umri na hatua ya maisha, na yanayoletwa na ugonjwa wenyewe.

Chukua A4, ilaze, piga safu tatu kwa penseli: anachohitaji, anachoweza, pengo. Penseli nimesema, sio simu, na zile PDF za mpango wa uuguzi zinazozunguka WhatsApp futa kabisa, ndizo zinazofanya wagonjwa wote wa Tanzania wawe na matatizo yaleyale matano.

Sasa safu ya pengo. Mdogo wangu alijaza "upungufu wa maarifa" mara sita. Sita! Na kila mbele yake "mgonjwa apewe elimu". Nikamuuliza, umejuaje hajui? Kimya. Nikamuuliza, ulimpa bomba la sindano avute dozi yake uone? Kimya zaidi.

Kesho yake karudi wodini na kichupa kitupu kakijaza maji, na bomba la insulini. Akamwambia bibi naomba unioneshe unavyofanya nyumbani, dozi yako ni ngapi? Bibi akajibu bila kusita, yuniti 12, asubuhi na jioni, kabla ya kula, nabadilisha sehemu ya kuchoma. Anajua yote, angeweza kutufundisha. Afu akavuta. Akaliinua bomba dirishani, akalikunja jicho, akalisogeza mbali, akalirudisha, akapima kwa dole gumba, "hapa". Mdogo wangu akasoma: 20.

Bibi haoni zile alama, anajizidishia dozi, ndiyo maana sukari inashuka. Macho yana ukungu, na alikuwa anaona aibu kusema. Kwenye faili kila mtu, pamoja na huyu mdogo wangu, kaandika "hali kwa wakati, aelimishwe".

Kwa hiyo kabla hujaandika pengo, tenganisha vitu vinne: hajui, hawezi, hana, hataki. Orem hakuzipanga hivi, huo ni mpangilio wangu, lakini umeniokoa sana. Hajui, fundisha. Hawezi, fanya naye au mtafute wa kumfanyia. Hana, hapo elimu ni matusi, mtu hana friji unamwambia ahifadhi insulini kwenye friji! Mfundishe chungu cha udongo chenye maji, kichupa kikiwa ndani ya chombo kisichovuja. Hataki, kaa chini umsikilize kwanza maana mara nyingi ni mojawapo ya zile tatu imevaa kanga. Na usiulize tu, mwambie akuoneshe, mtu mzima akiulizwa "unaweza?" atasema naweza.

Hatua ya 5: Chagua mfumo

Orem anakupa mitatu: unamfanyia kila kitu, mnagawana, au unamfundisha na kumtia moyo afanye mwenyewe. Bibi huyu siku ya kwanza alikuwa wa kufanyiwa kila kitu, siku ya tatu mnagawana. Mfumo unahama na mgonjwa, andika tarehe ulipohama, walimu wanapenda hiyo na ni haki yao. Orem anahesabu pia uwezo wa mtu anayemtunza mgonjwa nyumbani, kwa hiyo mjukuu wa bibi, wa kidato cha pili, aliitwa, akafundishwa kuvuta, na jina la kliniki ya macho likaingia kwenye mpango.

Hatua ya 6: Tathmini

Usiandike "lengo limefikiwa". Andika ulichokiona kwa macho yako. Ya mdogo wangu ilisomeka: "Mjukuu amevuta yuniti 12 mara tatu mfululizo bila kukosea. Bibi amejichoma mwenyewe tumboni, akamwambia mjukuu mara ya nne aoshe mikono kwanza."