Netrini inavuta seli za saratani au inazihangaisha tu? Jaribio la vikombe 12

Protini elekezi ndizo zinazoonyesha seli njia mimba ikiwa changa: neva ipite wapi, mshipa wa damu uchipue upande gani. Netrini, Slit, semaforini na efrini ndizo familia zinazotajwa zaidi. Saratani haitungi mpya, huchezea zilizopo. Kipokezi cha netrini (protini ya juu ya seli inayoinasa), DCC, kilipata jina mwaka 1990 kwa kuwa kipande chake cha kromosomu ya 18 hupotea katika saratani nyingi za utumbo mpana. Netrini yenyewe ilikuja kusafishwa kutoka ubongo wa viinitete vya kuku mwaka 1994.

Netrini hiyo hiyo huvuta neva yenye DCC na huweza kuifukuza ikiwa na UNC5, kipokezi chake kingine. Basi ukiulizwa netrini inafanya nini kwenye saratani, uliza kwanza ni seli zipi.

Hatua ya 1: vipokezi. Kabla hujafungua chupa ya netrini (ni ghali), pima DCC na UNC5 kwenye seli zako. PCR ya RNA (kipimo cha kuona kama jeni linatumika) inatosha kuanzia, ila kingamwili ndiyo inayokuonyesha kwamba protini yenyewe ipo. Seli nyingi za saratani zinazolelewa maabara zimeshapoteza DCC. Ukirukia jaribio bila kujua hilo, utapata sifuri na kuilaumu netrini.

Hatua ya 2: inkyubeta, kabati la joto na CO2 la kulelea seli. Hapa Arusha mjini ni takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni karibu kilopaskali 86 badala ya 101. Asilimia 5 ya CO2 huku ni gesi kidogo kuliko asilimia 5 ya Tanga. Midia (majimaji ya kulelea seli) ikielekea zambarau bila sababu, huenda CO2 ni pungufu, usikimbilie kuimwaga. Weka CO2 karibu asilimia 5.9; kwa Moshi, karibu 5.5. Bafa zote (miyeyusho inayotuliza kiwango cha asidi) tengeneza kwa maji yaliyoondolewa ioni, kwani maji ya chini ya ardhi upande wa Meru yana floraidi nyingi. Ya bomba yabaki ya kuoshea rangi mwishoni.

Hatua ya 3: netrini. Yeyusha unga kwa PBS safi (bafa ya chumvi) yenye protini ya albumini asilimia 0.1 upate mikrogramu 100 kwa mililita. Gawa mikrolita 12 kwa kila kichupa, gandisha kwa nyuzi −80, na kichupa kikishayeyuka hakirudi friza. Albumini haipo kwa mapambo: netrini hunata sana, na bila albumini sehemu yake kubwa itabaki kwenye plastiki.

Hatua ya 4: seli. Usiku wa kuamkia jaribio, zilaze kwenye midia yenye seramu asilimia 0.5. Kuzibandua kwenye chombo tumia kemikali ya EDTA ya milimola 2 kwa dakika 10 badala ya tripsini, maana tripsini ni kimeng'enya kinachonyoa vipokezi unavyotaka kuvipima. Zungusha kwenye sentrifuji, kisha zichanganye na midia isiyo na seramu yenye albumini asilimia 0.1, seli milioni 1 kwa mililita. Gawa mirija miwili ya mikrolita 700. Mmoja utie mikrolita 1.4 za netrini, mwingine kiasi hicho hicho cha PBS na albumini.

Hatua ya 5: kupanga. Unahitaji vikombe 12 vya utando wenye matundu ya mikromita 8, vinavyoingia kwenye pleti ya visima 24. Seli hukaa ndani ya kikombe, midia huwa chini yake kisimani, na seli inayosafiri hupenya matundu hadi upande wa chini wa utando. Kwa midia ya chini, tia mikrolita 8 za netrini kwenye mililita 4: hiyo ni nanogramu 200 kwa mililita. Andaa mililita 4 nyingine zenye PBS na albumini tu. Kila kisima kipate mikrolita 600, kila kikombe mikrolita 100 za seli. Makundi ni manne, vikombe vitatu vitatu: netrini chini tu, juu tu, juu na chini, na pasipo netrini kabisa.

Hapa ndipo wengi hukata kona. Hulinganisha "chini tu" na "pasipo", wakiona seli zimeongezeka wanaandika kwamba netrini inavuta. Lakini abiria wanaozunguka stendi ya Kilombero si wote wanaokimbilia Hiace ya Ngaramtoni. Wengine wana haraka tu, hawana safari. Kundi la "juu na chini" ndilo linaloamua. Likipanda sawa na "chini tu", seli zimehangaika, hazijaelekezwa. Likibaki karibu na "pasipo", huo ni mvuto. Na "juu tu" ikipita zote, seli zinakimbia.

Ingiza kikombe kwa kukiinamisha, upande mmoja utangulie. Povu likinaswa chini ya utando, sehemu hiyo seli hazitapita kabisa.

Hatua ya 6: kusubiri. Saa 16: ukiweka saa 10 jioni, toa saa 2 asubuhi. Umeme ukikatika usifungue mlango wa inkyubeta kuchungulia. Zaidi ya saa 24 haisaidii, kwani netrini ya chini itakuwa imeshapanda juu na tofauti kufifia.

Hatua ya 7: kuhesabu. Futa sehemu ya ndani ya kikombe, kuondoa seli ambazo hazikupita, kwa kijiti cha pamba kilicholowa, mara mbili, na pembeni pia. Zikaze seli zilizopita (zibaki kama zilivyo) kwa paraformaldehaidi asilimia 4 dakika 15, kisha rangi ya kristali vayoleti asilimia 0.1 dakika 15, halafu suuza. Hesabu maeneo matano kwa lenzi ya mara 10. Vidoti vya duara visivyo na rangi ni matundu, si seli. Anayehesabu asijue kikombe kipi ni cha kundi gani. Vikombe vitatu vya siku moja ni jaribio moja. Rudia siku tatu.

Kabla ya kuandika matokeo, tia tripani bluu (rangi inayoingia seli zilizokufa) kwenye seli zilizobaki za mrija usio na netrini, uliouacha ndani ya inkyubeta kwa saa hizo hizo 16. DCC ikikosa netrini huweza kuamuru seli ife, na kundi la "pasipo" likipungua kwa vifo litafanya netrini ionekane inavuta hata kama haivuti. Ukiona vifo vingi, punguza muda uwe saa 6 na uongeze maeneo ya kuhesabu.

Na "chini tu" ikigoma kabisa ilhali DCC ipo, jaribu kuipaka netrini upande wa chini wa utando kabla ya kuweka seli. Majaribio ya panya ya mwaka 2017 yalidokeza kwamba kwenye uti wa mgongo netrini huongoza neva zaidi kwa karibu, ikiwa imenata pale zinapopita, kuliko kwa kuelea kutoka mbali.