Mwambie daktari wa meno unaogopa kabla hujafungua mdomo

Mimi ni seremala, Chikongola, Mtwara mjini. Drili, msumeno na randa ndivyo vinavyonilisha, lakini nilikaa miaka miwili na gego bovu kwa sababu ya woga. Kila msimu wa korosho ukianza, Oktoba hivi, nilijiambia ngoja nimalize kwanza oda za vitanda, maana ndipo watu wa Newala na Tandahimba wanashika hela. Msimu ukiisha jino limetulia, nami nimesahau. Karafuu nilizotafuna zingejaza kisado.

Anza kwa kujua unaogopa nini hasa. Kuna wa sindano, kuna wa harufu ya dawa, kuna anayeona aibu tu meno yake yaonekane yalivyochakaa. Mimi nilipokuwa darasa la nne niling'olewa jino kabla ganzi haijakolea. Nikapiga kelele, nikaambiwa mtoto wa kiume hujikaza. Kumbe sindano siiogopi hata kidogo. Ninachoogopa ni kulala chali, mdomo wazi, nisiweze kusema "acha".

Basi mara ya kwanza nenda ukaangaliwe tu. Nilipanda bajaji mpaka hospitali ya Ligula, nikamwambia daktari kabla sijakaa: "Daktari, leo nimekuja kuonyesha, na naogopa kweli." Alikuwa kijana, umri wa mwanangu wa kwanza. Hakucheka. (Akikucheka wako, tafuta mwingine.) Akaniambia, "Mzee wangu, ukitaka nisimame, nyoosha mkono wa kushoto." Wa kushoto kwa sababu yeye hukaa kuliani kwako, ukirusha wa kulia utampiga kiwiko ana chuma mkononi. Hata mimi vijana wangu karakana nawakataza kunigusa mkono wa msumeno.

Sasa hapa ndipo penye siri, na wengi wanaishia kuelezwa ishara bila kuijaribu. Ijaribu mapema, wakati bado hakuna kinachouma. Siku ya kung'oa, alipoingiza tu kioo mdomoni nilinyoosha mkono. Akatoa kioo, akaniuliza vipi mzee. Nikamwambia hakuna kitu, endelea. Mabega yangu yalishuka palepale, maana nilishaona kwamba anasimama kweli.

Kuhusu ganzi, usione haya kuuliza. Inaua maumivu, haiui kusukumwa, kwa hiyo utasikia jino linatikiswa na mlio wa mfupa. Hiyo siyo ganzi kushindwa. Kwa magego ya chini huchukua dakika kadhaa kukolea, mpaka nusu ya mdomo iwe nzito kama si yako. Mwombe aguse ufizi kwanza kabla ya kuanza kazi. Moyo ukienda mbio kidogo baada ya sindano usidhani unakufa, mara nyingi ganzi huchanganywa na adrenalini. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo aseme mapema, pamoja na dawa anazomeza. Tena usingoje uvimbe kama nilivyongoja: penye usaha ganzi hushika kwa shida.

Kama tatizo lako ni ule mlio wakati wa kuziba, kile kidude cha kuchimbia jino huendeshwa kwa upepo na huzunguka kama mara laki tatu kwa dakika, huku kikimwagiwa maji kisipate moto. Drili yangu haifiki hata karibu. Nilipoelewa hivyo nilianza kukionea wivu badala ya kukiogopa.

Mengine ni madogo. Omba zamu ya asubuhi, usishinde unawaza. Kula kabla, maana njaa na woga vikikutana mtu huzimia. Mimi nilikula muhogo na chai. Ukiwa kitini vuta pumzi kwa pua ukihesabu nne, itoe taratibu ukihesabu sita, na uchezeshe vidole vya miguu. Chukua mtu wa kukusindikiza. Mimi nilikwenda na shemeji yangu, kazi yake ilikuwa kukaa mlangoni nisitoroke.

Ukishang'olewa, ng'ata pamba uliyowekewa kwa nusu saa bila kuichungulia. Siku hiyo usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usivute sigara, wala usinywe chai ya moto, kile kidonge cha damu iliyoganda shimoni kikitoka utaumwa kuliko mwanzo. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi ni ya kesho yake. Na usitafune kabla ganzi haijaisha: nilijing'ata mdomo nikidhani nakula pweza. Damu isipokata, au ukipata homa na uvimbe unaozidi, rudi hospitali.

Siku ile mkono niliunyoosha mara tatu. Mara ya mwisho nilitaka kumeza mate tu. Wiki mbili baadaye nilirudi kuziba jino la juu, nikaenda peke yangu. Shemeji alikuwa shambani.