Jirani kanunua friji, wewe una elfu tisa ya sokoni: namna ya kukaa na wivu huo

Kitu cha kwanza ninachokuomba, dada yangu, usijiite mwenye roho mbaya. Ukiona kirikuu imesimama kwa jirani, vijana wanashusha friji jipya, na wewe umeshika elfu tisa ya kwenda sokoni, roho itauma. Itauma hata kama jirani huyo mnaombana chumvi na unampenda. Na wewe una watoto wanaotaka maji baridi, na wewe unafanya kazi kutwa. Kuumia si kosa. Shida inaanza kesho yake, pale uchungu ule unapokutuma ufanye jambo la pesa: ukope, uvunje kibubu, au umnunie baba watoto mpaka atoe hela ya kodi. Haya ninayoandika ni ya kuzuia hayo ya kesho yake.

Mimi ni fundi cherehani, Mbagala, Dar es Salaam, nashonea barazani kwangu. Wale unaowaona ukumbini wamependeza, wengine ni wateja wangu. Ninawapima, ninawashonea, na ninajua gauni la nani limelala kwenye msumari mpaka saa tisa mchana siku ya shughuli huku mwenyewe anapiga simu kutafuta hela ya ufundi. Majina sitayataja kamwe. Ila nakuhakikishia, kati ya hao unaowatamani wapo waliofika pale kwa miaka ya kujibana, na wapo wanaodaiwa mpaka kitambaa kilichopo mwilini. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Hata mimi nisingeweza kama si daftari langu la madeni.

Sasa chukua daftari na wewe. Kile kinachokuuma kiandike kwa jina, na mbele yake weka bei, ukifuatilia gharama zake zote mpaka mwisho. Tuchukue hilo friji. Dukani tuseme dogo ni laki nne na nusu. Hapo bado umeme. Kama nyumba yenu iko kwenye kundi la matumizi madogo la TANESCO, yuniti mnainunua shilingi 100 kabla ya kodi, lakini ukomo wake ni yuniti 75 kwa mwezi. Friji dogo linakula kama yuniti moja kwa siku, kwa hiyo 30 kwa mwezi zimekwenda kwa friji peke yake. Weka feni, televisheni, pasi na taa. Mkizidi 75 mnaweza kujikuta kundi la kawaida, yuniti moja shilingi 292 kabla ya kodi. Yaani friji limepandisha bei ya taa uliyokuwa unawasha kila siku. Kama mita ni ya wapangaji wote, ongeza na maneno ya uani.

Ukishafika hapo, jiulize ulikuwa unataka nini hasa. Mimi nilipofanya hesabu hiyo niliona nilichotaka ni maji baridi na samaki asiharibike. Maji baridi ninayapata kwenye mtungi wa udongo uliokaa kivulini juu ya mchanga mbichi, wenye kifuniko na kata yake. Samaki ninanunua wa siku hiyo na ninamkaanga jioni hiyo hiyo. Wewe unaweza kupiga hesabu ukakuta friji unalihitaji kweli, labda unataka kuuza barafu na juisi. Basi hapo si wivu tena, ni mpango wa biashara, na mpango una tarehe na kiasi cha kuweka kila wiki kwenye kikoba. Vitu vingi ninavyoviandika havifiki huko. Nikishaona bei yake yote, uchungu unashuka wenyewe.

Lakini hesabu ya kitu haisaidii kama hujui umebaki na nini. Watu wengi wanajua mshahara, hawajui kinachobaki, na hapo katikati ndipo wivu unapokaa, kwa sababu unadhani labda ungeweza. Ya kwangu hii hapa. Baba watoto analeta 350,000. Ushonaji, mwezi ukiwa mzuri, 200,000. Chumba na sebule 90,000. Chakula elfu tisa kwa siku, 270,000. Umeme, pamoja na wa cherehani, 20,000. Mtungi mdogo wa gesi 24,000. Nauli ya baba watoto 31,000, ya watoto wawili 18,000, masomo ya jioni 22,000. Hisa za kikoba 20,000. Uzi, zipu, sindano na mafuta ya cherehani 15,000. Jumla 510,000. Imebaki elfu arobaini, na hiyo ndiyo ya dawa, viatu, sabuni, msiba na harusi.

Elfu arobaini. Nimeiandika kwa kalamu nyekundu nyuma ya mlango wa kabati. Mtu akinionyesha pochi ya elfu thelathini na tano, sihitaji kubishana na roho yangu. Jibu liko mlangoni. Na ndani ya hiyo arobaini ninatenga elfu tano ambayo ni yangu, haiulizwi. Mwezi mwingine ni mafuta mazuri ya nywele, mwingine ni chipsi kuku nikiwa peke yangu mjini. Tafadhali usiiache hiyo hata kama ni buku mbili. Mwanamke anayejinyima kila kitu ndiye anayeumia zaidi akiona mwenzake kapaka rangi kucha.

Shughuli za watu

Hapa ndipo bajeti za wanawake wa mjini zinapokufa, acha nikae hapa kidogo. Kitchen party moja, ukiitimiza yote kama inavyotakiwa: mchango elfu hamsini, kitenge cha sare elfu thelathini na tano, ufundi elfu ishirini na tano, kusuka elfu ishirini, bajaji ya kwenda na kurudi usiku elfu kumi. Hiyo ni laki moja na arobaini. Kwangu mimi ni elfu arobaini zangu za miezi mitatu na nusu, zimeisha usiku mmoja, na bado harusi yenyewe inakuja.

Kinachouma zaidi ni ile orodha ya kundi la WhatsApp: jina, ahadi, taslimu. Unaona fulani laki mbili, fulani laki, na mkono unaanza kuandika hamsini ambayo huna. Usiahidi kwenye kundi wakati orodha ina moto. Lala. Asubuhi mwandikie mweka hazina peke yake, mapema, utaje kiasi halisi na tarehe halisi, na usijieleze sana. Mimi naandika hivi: “Mama, hongereni sana kwa shughuli. Nina elfu kumi na tano, nitaituma tarehe 3. Siku yenyewe nitafika alfajiri kusaidia jikoni.” Basi. Elfu kumi na tano iliyofika kwa siku iliyosemwa inaheshimika kuliko hamsini inayodaiwa mpaka bibi harusi anajifungua. Na mikono yako pia ni mchango. Vitunguu vya watu mia tatu havijimenyi, na aliyekesha jikoni anakumbukwa na mwenye shughuli.

Kuhusu sare, nisikilize kama fundi. Kitenge cha yadi sita mnaweza kununua wawili. Kwa mwili wa kawaida, yadi tatu zinatoa gauni la kufika magotini bila shida, na gharama imekatika nusu. Kama unachukua yadi zote sita, usishone gauni refu la kipande kimoja. Shona sketi na blauzi. Gauni la sare watu wataligundua ukilirudia, lakini sketi ile ukiivaa na blauzi nyeupe ni nguo nyingine, na blauzi ukiivaa na sketi nyeusi ni ya tatu. Mwambie fundi akuachie inchi moja na nusu kwenye mshono wa kila ubavu na upindo wa inchi tatu chini. Mafundi wengi hukata karibu na mshono na kufunga ukingo, na ukinenepa kidogo nguo imekufa. Ukiachiwa akiba hiyo, nguo inafunguliwa, inapigwa pasi ya moto juu ya kitambaa kilicholowa ili alama ya mshono wa zamani ipotee, inashonwa upya. Mwulize fundi kabla hajashika mkasi, si baada. Sketi za shule za binti zangu ninazishona hivyo hivyo, upindo mrefu, kila Januari ninaushusha.

Mikopo ya kufuata macho

Hapa sina maneno mengi. Mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kunyonya, kwa ajili ya sare au keki ya mahafali, usiuguse. Mkopeshaji anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Mwombe akuonyeshe, na uone atakavyobadilika uso. Zile programu za simu ndizo zinazoaibisha zaidi, kwa sababu zinachota majina ya watu wako na ukichelewa wanapigiwa mpaka mama mkwe. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya 69 zisizo na leseni. Ukihitaji kukopa, kopa kikoba chako, kwa kitu kinachorudisha hela au kwa ugonjwa.

Status za WhatsApp nazo zina dawa rahisi. Bonyeza na ushikilie jina la mtu, chagua kunyamazisha. Hapati taarifa, namba yake unabaki nayo, mkikutana mnasalimiana kama kawaida. Kuna wateja wangu ninaowapenda sana ambao status zao sizioni kuanzia tarehe ishirini mpaka mshahara uingie, kwa sababu hizo ndizo siku zangu za dagaa na mchicha.

Nyumbani

Usiseme kamwe “mwenzako kamnunulia mkewe.” Hata kama ni kweli, hata kama umechoka. Mwanamume aliyesimama lindoni usiku kucha akirudi na kusikia hivyo, anasikia kwamba yote aliyoleta ni bure, na mwezi ujao ataficha hata kidogo alicho nacho. Sema unachokitaka wewe, kwa jina na bei: “Baba, godoro la watoto limebonyea, jipya ni elfu tisini, tuanze kuweka.” Chagua siku yenye chakula ndani na yeye amelala vya kutosha. Usiku uliotoka kwenye harusi ya watu si usiku wa kujadili pesa.

Watoto wanaumia kuliko sisi na hawana daftari. Binti yangu mdogo aliporudi akasema mwenzake kaletewa keki shuleni, sikumwambia “sisi maskini.” Neno hilo mtoto analibeba. Nilimwambia siku yake tutapika maandazi ya iliki na atachagua marafiki watatu. Mkubwa nimemfundisha kwenda na elfu tisa sokoni mwenyewe. Alirudi amenyamaza, akaniuliza, “Mama, na jana ulitoaje mpaka tikiti maji?” Tangu hapo haniombi kitu bila kuuliza kwanza kama kipo kwenye hesabu.

Na kuna wivu ambao usiuzime. Kama unamwona mwenzio wa kazi ileile anaishi vizuri kuliko wewe, mwendee umuulize anafanyaje. Mimi niliona fundi mmoja wa jirani hadaiwi wala hadai. Nikamuuliza. Akaniambia hakati kitambaa kabla ya kupokea nusu ya ufundi. Nilianza hivyo, wateja wawili watatu wakanuna wakaondoka, waliobaki wanalipa. Ile laki mbili niliyoiandika hapo juu imetokana na swali hilo.

Kwa mafundi wenzangu, na kwa yeyote ambaye kazi yake ni kupendezesha watoto wa wengine: Ramadhani ikiandama, kata nguo za Idi za wanao wiki ya kwanza, kabla baraza halijajaa. Kata hata kama hazitashonwa siku hiyo. Zifunge kwa uzi, ziandike majina, ziweke kwenye mfuko juu ya cherehani, na kila usiku ukimaliza nguo mbili za wateja, shona mshono mmoja wa ya mwanao. Wiki ya mwisho wateja watakuja na vitambaa saa nne usiku wakikuongezea hela. Pokea uwezazo, lakini ule mfuko usishuke chini ya vitambaa vyao.