Somo: Mradi wa ubunifu hupangwa kwa malango

Wanachama, hamjambo. Mawazo Nairobi ni tele. Pesa ndizo huishia katikati ya wazo lililostahili kuachwa mwezi wa kwanza. Utaratibu wa leo asili yake ni Robert Cooper, profesa wa Kanada aliyeueneza miaka ya 1980: mradi unakatwa hatua, na kila hatua inaishia langoni. Langoni majibu ni manne tu: endelea, ua, simamisha, au rudi ukarekebishe.

Tuchukue mfano mmoja: sanduku la kupozea sukuma wiki bila stima. Kuta ni mbili za waya, katikati makaa yaliyoloweshwa. Maji yakikauka kwa upepo, ndani panapoa.

Hatua ya 1: Kaa kibandani. Hapa ndipo vikundi vingi hukimbia. Nenda Marikiti, soko la jumla la mboga mjini Nairobi, alfajiri, ufuate mzigo hadi Kayole au Kawangware, ukae na mama mboga mpaka afunge. Andika amenyunyiza maji mara ngapi, majani yameanza kulegea saa ngapi, jioni ameteremsha bei hadi wapi, na yaliyobaki yamekwenda wapi. Usimwulize, "Ungependa sanduku?" Atakujibu ndiyo. Wewe ni mgeni, na ndiyo haimgharimu kitu. Muulize jana alitupa nini.

Hatua ya 2: Andika lango kabla ya kulifikia. Karatasi moja inatosha. Kwa mfano: "Mboga zilizolala sandukuni zisipouzika asubuhi kwa bei ya jana, tunaua." Iandikwe sasa, kabla hamjalipenda sanduku lenu. Na mwenye wazo asiwe bawabu wa lango lake. Mweke mweka hazina, pamoja na mfanyabiashara asiye mwanachama, ikiwezekana mwenye ulimi mkali.

Hatua ya 3: Jaribu kwanza kile kinachoweza kuwaangusha. Si rangi wala nembo. Sanduku hili linategemea hewa kavu. Masika, kati ya Machi na Mei, hewa ina unyevu mwingi, maji hayakauki upesi na ubaridi unapungua. Jaribio la Januari peke yake litawadanganya. Kisha kuna maji yenyewe: mama anayenunua kwa mtungi atapiga hesabu, na maji yakizidi thamani ya sukuma iliyookolewa, hesabu imeisha hapo.

Angalieni pia watu wanakitumia kitu chenu kwa namna gani msiyoitarajia. Majaribio ya M-Pesa yaliyoanza 2005 yalilenga kulipia mikopo midogo. Watu wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, hilo la kutuma pesa nyumbani ndilo lililowekwa mbele.

Hatua ya 4: Unda machache. Fundi wa jua kali wa Kamukunji atakutengenezea. Mpe vipimo vilivyoandikwa, la sivyo kila sanduku litakuja na umbo lake.

Hatua ya 5: Soko. Ulizeni KEBS, shirika la viwango la Kenya, kuhusu viwango. Kama kuna kitu kipya kweli, piteni KIPI, taasisi inayosajili hataza za uvumbuzi, kabla ya kukionyesha kwenye maonyesho.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, mfadhili wetu anataka bajeti ya mwaka mzima kwa mpigo. Malango tutayaweka wapi?
Dada, mpe bajeti nzima, lakini igawe kwa hatua. Kwenye lile jedwali la mantiki (logframe) wanalolipenda wafadhili kuna safu ya dhana, yaani mambo ambayo mradi unayategemea yawe kweli. Wengi huijaza "hali ya usalama itakuwa nzuri" wakaendelea. Andika humo malango yako: dhana hii ikivunjika, fedha za hatua inayofuata hazitumiki. Mfadhili makini atafurahi. Akikasirika, umeshajua utafanya kazi na mtu wa aina gani.

Sisi tunaunda programu ya simu, tunabadilisha kila wiki. Haya si ya viwanda tu?
Badilisheni hata kila siku, kaka. Kazi ya wiki inakaa ndani ya hatua, na lango linauliza kama pesa zaidi ziingie. Ila kwenu ongezeni swali moja langoni: data za watumiaji mnazikusanya kwa ruhusa gani? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haiwasubiri mkue.

Tukiua wazo la kijana wetu, si atahama kikundi?
Anaweza. Ndiyo maana karatasi ya lango aiandike yeye mwenyewe, kwa mwandiko wake, mbele ya wote, hata kama hataamua. Siku ya uamuzi msome masharti yake, msijadili akili zake. Na daftari la kibandani lisitupwe. Huenda mlichokiona humo ni kwamba mama mboga hahitaji sanduku. Anahitaji kununua mzigo mdogo mara mbili kwa siku, na hapakuwa na wa kumletea. Huyo kijana mkabidhini hilo Jumatatu.