Kauli ya kutendwa kwa Kiingereza: kutoka "ilijengwa" hadi "was built"

Wanafunzi wangu hapa Pemba wanaijua kauli ya kutendwa tangu wadogo. Msimu ukifika, karafuu zimechumwa, zimechambuliwa, zimeanikwa. Kinachowasumbua skuli ni kwamba kazi ambayo kwetu inafanywa na neno moja, Kiingereza kinaigawa kwa maneno mawili au zaidi.

Hatua ya 1. Mtafute mtenda na kinachotendwa. "Sultan Barghash built the House of Wonders in 1883." Mtenda ni Sultan Barghash, kilichojengwa ni House of Wonders, yaani Beit al-Ajaib, lile jumba la Unguja.

Hatua ya 2. Kilichojengwa kilete mwanzo: "The House of Wonders..."

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi, usipaharakishe. Sisi tunatia "w" ndani ya kitenzi: alijenga, ilijengwa. Kiingereza kinatumia "be" pamoja na umbo la tatu la kitenzi (past participle: dry, dried, dried), na wakati unabebwa na "be". Zitazame karafuu:

zinaanikwa kila msimu: are dried
zinaanikwa sasa hivi: are being dried
zilianikwa: were dried
zimeanikwa: have been dried
zitaanikwa: will be dried

"Dried" haikutikisika mistari yote mitano. Kosa ninalolisahihisha kuliko yote ni "The House of Wonders built in 1883." Mwanafunzi ameona "ilijengwa" ni neno moja, naye akaweka neno moja. Bila "was", anayesoma anabaki akingoja sentensi iishe. Sema "was built". Maumbo ya tatu yasiyofuata kanuni (built, taken, brought, broken) hayana ujanja, yahifadhi kwa moyo.

Hatua ya 4. Amua kama mtenda atajwe. Barghash ana uzito, kwa hiyo "was built by Sultan Barghash" ni sawa kabisa. Lakini "Cloves are picked by people"? Nani mwengine angezichuma? Ikate "by people". Na kama mtenda ndiye habari yenyewe, bakia na kauli ya kutenda. Insha iliyojaa kutendwa tupu inachosha.

Hatua ya 5. Jiulize kama kitenzi kinakubali. Kitenzi cha Kiingereza kisichokuwa na kitu cha kutendwa hakiingii kwenye kauli hii. Sisi tunasema "amefiwa na baba yake", na mwanafunzi anaandika "He was died by his father." Kiingereza hakina njia hiyo: sema "His father died" au "He lost his father." Vilevile sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka Desemba 2020: "Part of the building collapsed", siyo "was collapsed". Hapo sikio lako la Kiswahili linakusaidia, maana hata sisi tunasema "limeporomoka" bila ya kutia "w". Kikombe nacho kikivunjika chenyewe, "The cup broke", kikivunjwa na mtoto, "The cup was broken by the child."

Sasa jaribu mwenyewe: "The farmers have sold the cloves." Jibu ni "The cloves have been sold." Waongeze wakulima kwa "by the farmers" ikiwa msomaji anahitaji kujua nani aliyeuza.